Mlima kwenye lebo, kisima uani: maji ya chupa yanakotoka

Maji mengi ya chupa yanayouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hayajawahi kuuona mlima. Yametoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya uzio wa kiwanda, au kwenye bomba lile lile la mamlaka ya maji linaloingia nyumbani kwako, kisha yakapitishwa kwenye mitambo inayoyavua karibu kila kitu yalichokuja nacho.

Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale mnunuzi anapoishika picha ya theluji kwenye lebo kama dhamana, akaacha kuangalia yale yanayoharibu maji kweli: ozoni (gesi ya kuua vijidudu) iliyozidi, chujio lililochoka, kifuniko kilichoguswa kwa mkono, dumu lililojazwa bila kuoshwa. Tukifuatana na maji kuanzia ardhini hadi dukani utaona kwamba chanzo ni sehemu ndogo ya habari.

Sheria yenyewe haifichi jambo. Viwango vya Afrika Mashariki vina makundi mawili makubwa. EAS 153 ni ya maji ya kunywa yaliyofungashwa, na hayo yanaweza kutoka kisimani, mtoni, ziwani au bombani, ilimradi mwisho wake yawe salama. EAS 13 ni ya maji asilia yenye madini. Hayo lazima yatoke chini ya ardhi kwenye chanzo kilicholindwa, muundo wake wa madini uwe thabiti, na yafungwe palepale yanapotoka. Kiwango cha kimataifa cha Codex namba 108 kinasema vivyo hivyo. Chupa nyingi za dukani ni za kundi la kwanza, na ukiisoma lebo kwa utulivu utakuta imeandikwa tu kwamba ni maji ya kunywa. Mlima umechorwa, lakini haukutajwa kuwa ndiyo chanzo.

Marekani mchezo ni huo huo. Kanuni zao zinataka chupa iseme kama maji yametoka kwenye mfumo wa umma, isipokuwa yakisafishwa hadi kufikia daraja la maji yaliyotakaswa. Hapo kampuni haidaiwi kusema chochote. Ndiyo sababu Aquafina ya PepsiCo iliuzwa miaka mingi ikiwa na milima kwenye lebo, hadi 2007 kampuni ilipokubali kuandika wazi kwamba maji yake hutoka kwenye mifumo ya maji ya umma.

Hata pale mlima unapohusika kweli, si kwa namna lebo inavyodokeza. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mchango wake kwenye chemchemi za chini ni mdogo sana. Kinachozilisha chemchemi za Moshi kama Nsere na Shiri ni mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, ikazama katika mawe ya volkano na kutembea chini kwa chini kabla ya kuibuka. Kwa hiyo anayetaka kulinda maji ya Kilimanjaro aulinde msitu kwanza.

Kisima

Kiwanda cha wastani kinahitaji kisima kinachotoa mita za ujazo 5 kwa saa au zaidi, bila maji kushuka chini ya pampu. Kwa kawaida ni shimo la mita 60 hadi 150 lenye bomba la kinga la inchi 6, pampu ya kuzamisha, na saruji iliyojazwa kuzunguka mita za juu ili maji ya mvua na ya vyoo yasiteremke kando ya bomba. Saruji hiyo ndiyo wachimbaji wa bei chee huiruka, na ndiyo inayotenganisha kisima na choo cha jirani.

Kabla ya kununua mashine yoyote, maji ghafi yanapelekwa maabara, na majibu ndiyo yanayoamua mtambo uweje. Pwani ya Dar es Salaam tatizo la kwanza ni chumvi: ukivuta kupita kiasi karibu na bahari, maji ya bahari yanasogea kuziba pengo. La pili ni nitrati itokayo vyooni, hasa kwenye visima vifupi vya mitaa iliyobanana. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 50 kwa lita, na nitrati haina rangi, haina harufu, wala haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha inazidi kukolea, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Ukienda Arusha, kuzunguka Meru, au ukafuata Bonde la Ufa hadi Nakuru, adui ni floraidi. Mawe ya volkano ya huko yana floraidi nyingi, na maji yanayokaa ndani yake huichukua. Mwisho unaopendekezwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na mito ya Meru inayopita hapo mara kadhaa. Meno ya kahawia na mifupa iliyopinda ya watu waliokulia huko ni ushahidi wa miaka mingi. Visima vingi vya Nairobi navyo vina shida hiyo hiyo. Kwa eneo kama hilo maji yaliyochujwa kiwandani yana faida ya kweli, si urembo wa lebo.

Kisima kina kibali chake. Tanzania, kibali cha kutumia maji kinatolewa na bodi ya maji ya bonde husika, Wami/Ruvu kwa Dar es Salaam, Pangani kwa Moshi na Arusha. Kenya ni kazi ya Water Resources Authority. Kibali kinataja kiasi unachoruhusiwa kuvuta, na mita ya kisimani ndiyo shahidi.

Anayetumia maji ya bomba hana shida ya pampu, lakini ana shida ya mgao na ya mabadiliko. Maji ya mto Ruvu wakati wa masika yanakuja na udongo mwingi na klorini imeongezwa, wakati wa kiangazi ni vingine. Mtambo uliosetiwa Agosti ukiuacha hivyo hivyo hadi Aprili utaziba.

Kuyavua maji

Maji ghafi yanaingia kwenye tangi na kutiwa klorini, kiasi cha miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita, yakae angalau nusu saa. Klorini inaua vijidudu na pia inaigandisha chuma iliyoyeyuka, ambayo hunaswa na chujio la mchanga linalofuata. Mchanga huoshwa kwa kurudisha maji nyuma pale tofauti ya mgandamizo kati ya juu na chini inapofika kama bar 0.5. Anayeosha kwa kalenda badala ya kuangalia geji ama anapoteza maji au anachelewa.

Baadaye ni kaboni amilifu, mkaa maalumu unaonyonya harufu, rangi na klorini yenyewe. Klorini lazima itoke hapa, kwa sababu membreni zinazofuata, ngozi nyembamba za mashine ya RO (reverse osmosis) zinazopitisha maji na kuzuia chumvi, huungua na klorini na hazitengenezeki tena. Ila ukishaitoa klorini umeitoa na kinga. Kitanda cha kaboni kina unyevu, kina chakula kilichonaswa, na hakina tena cha kuua vijidudu. Kiwanda kikifungwa Jumamosi mchana na kufunguliwa Jumatatu, maji yaliyolala ndani ya kaboni yanatoka na hesabu ya bakteria ya kutisha. Mafundi wazuri huyamwaga maji ya kwanza ya Jumatatu, na kila baada ya muda huua vijidudu vya kitanda hicho kwa maji ya nyuzi 80 au kwa mvuke. Kaboni nayo ina mwisho. Ikishiba haitoi ishara yoyote ya macho, inaacha tu vitu vipite.

Kwamba kaboni iliyochoka inaweza kuiangusha hata kampuni kubwa, Perrier ya Ufaransa ndiyo mfano. Februari 1990 maabara ya North Carolina ilikuta benzini, kemikali inayosababisha saratani, ndani ya chupa zake, na kampuni ikaziondoa sokoni chupa milioni 160 duniani kote. Gesi inayochemka ndani ya Perrier ilikuwa ikivutwa kivyake kutoka ardhini huko Vergèze, ikichujwa kwa kaboni, kisha ikarudishwa ndani ya maji. Machujio hayakubadilishwa kwa wakati. Wanywaji wengi walijifunza siku hiyo kwamba maji na gesi yake havikuwa vikitoka pamoja. Na mwanzoni mwa 2024 Nestlé Waters, mmiliki wa sasa wa Perrier, ikakiri kwamba ilikuwa imetumia taa za UV (mwanga wa kuua vijidudu) na kaboni kwenye maji ya madini yanayouzwa Ufaransa kama ya asili yasiyoguswa. Mwaka huo huo ikalipa yuro milioni 2 kumaliza kesi. Maji hayo hayakuwa ya kuua mtu. Kosa lilikuwa kuyatibu na kuyauza kwa jina na bei ya maji yasiyotibiwa.

Turudi kwenye mtambo. Baada ya kaboni maji hupita kwenye chujio la mikroni 5 na mara nyingi jingine la mikroni 1, hutiwa kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia ukoko, miligramu 2 hadi 5 kwa lita, kisha pampu ya mgandamizo wa bar 10 hadi 15 inayasukuma kwenye membreni za RO. Hapo ndipo maji yanapozaliwa upya. Membreni nzuri inazuia asilimia 97 hadi 99 ya chumvi. Floraidi inazuiwa vizuri. Nitrati inapenya kirahisi zaidi kuliko chumvi nyingine, na membreni ikizeeka ni ya kwanza kuvuja, kwa hiyo kiwanda chenye kisima cha nitrati kisitosheke na kipimo cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita.

Chukua kiwanda kinachovuta lita 5,000 kwa saa, maji yenye TDS ya 900. Katika kila lita 10 zinazoingia, 6 hutoka safi na 4 huenda na chumvi yote. Kwa zamu ya saa 8 kinavuta lita 40,000, kinapata 24,000 za kufunga, sawa na chupa 16,000 za lita moja na nusu, na kinamwaga lita 16,000 zenye TDS ya 2,250 hivi. Maji hayo ya chumvi yanakwenda wapi ni swali ambalo wakaguzi wa mazingira hawaliulizi mara za kutosha. Yanafaa kuoshea magari ya usambazaji na kusukumia vyoo. Kuyarudisha kwenye shimo karibu na kisima ni kujichafulia chungu.

Membreni zinapoanza kuziba, mtiririko unapungua na mgandamizo unapanda. Ukishapoteza asilimia 10 hadi 15 ya mtiririko, osha. Ukoko wa chokaa unatoka kwa tindikali ya sitriki kwenye pH ya 2 hadi 3, na ute wa bakteria unatoka kwa alkali kwenye pH ya 11 hadi 12. Kama vyote vipo, wengi huanza na alkali, kwa kuwa tindikali ikikutana na ute kwanza huufanya ugande zaidi. Anayesubiri hadi mtiririko ushuke kwa nusu hanunui dawa tena, ananunua membreni mpya.

Kuyavalisha tena

Maji yanayotoka kwenye RO yana TDS ya 5 hadi 30 na ladha ya kitu kisichokuwepo. pH yake imeshuka hadi 6 au chini, kwa sababu gesi ya kaboni dayoksaidi inapenya membreni huku bikaboneti, iliyokuwa ikiizuia, imebaki upande wa pili. Viwanda vingi kwa hiyo hurudisha madini, kwa njia tatu: kuchanganya kiasi kidogo cha maji yaliyochujwa bila kupita RO, kuyapitisha kwenye kokoto za chokaa, au kudondoshea chumvi za daraja la chakula, yaani kalsiamu kloraidi, magnesiamu salfeti na sodiamu bikaboneti.

Hapa hesabu ya shule inakuwa silaha ya mnunuzi. Kalsiamu kloraidi inaleta miligramu 1.77 za kloraidi kwa kila miligramu 1 ya kalsiamu. Magnesiamu salfeti inaleta karibu miligramu 4 za salfeti kwa kila 1 ya magnesiamu. Maji ya asili hayaji na uwiano huo safi, maana yamepita kwenye mawe mengi na bikaboneti ndiyo inayotawala. Ukisoma lebo ukaona kalsiamu 10 na kloraidi 18, magnesiamu 2 na salfeti 8, TDS ya 60, unajua kwamba maji hayo yametengenezwa, hata kama kuna chemchemi imechorwa juu. Kama ni eneo la volkano na lebo inasema floraidi 0.0 au 0.1, ni ushahidi wa pili. Maji ya chemchemi ya kweli kutoka mawe ya Kilimanjaro au Meru yanapaswa kuwa na bikaboneti ya kutosha, silika nyingi na floraidi inayopimika.

Kwa kiasi hicho, kalsiamu 10 kwa lita kwenye lita 24,000 za zamu, fundi anahitaji gramu 880 hivi za kalsiamu kloraidi yenye maji mawili, ile inayouzwa kama vipande vyeupe. Ni kidogo, na ndiyo sababu inashawishi kununua ya bei rahisi ya viwandani badala ya daraja la chakula. Coca-Cola ilijua gharama ya chumvi hiyo mwaka 2004. Dasani ilipozinduliwa Uingereza ilitengenezwa Sidcup, Kent, kutokana na maji ya bomba ya London, magazeti yakacheka. Kicheko hakijaisha, kampuni ikaondoa sokoni chupa karibu 500,000. Kalsiamu kloraidi iliyoongezwa ilikuwa na bromidi ndani yake, na ozoni iliyotumika kuua vijidudu iliibadilisha bromidi kuwa bromati, inayohofiwa kusababisha saratani, kupita mwisho wa mikrogramu 10 kwa lita. Maji ya bomba yenyewe yalikuwa mazuri, na tatizo likaingia wakati wa kuyaboresha. Dasani haikuuzwa tena Uingereza.

Hatari hiyo ipo kwetu, hasa pwani. Maji ya kisima yaliyoguswa na bahari yana bromidi. RO inaitoa nyingi, lakini kiwanda kinachochanganya maji yasiyopita RO ili kupata ladha, kisha kikapuliza ozoni, kinapika bromati bila kujua. Kipimo chake si cha maabara ya kila siku, na viwanda vingi vidogo havikifanyi mpaka kiagizwe.

Taa, ozoni na chupa

Kabla ya kujaza, maji hupita chini ya taa ya UV ya nanomita 254, kwa dozi ya milijuli 40 kwa sentimita ya mraba. Taa inaua kinachopita mbele yake na haiachi kinga yoyote nyuma. Ikifika saa 9,000, kama mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, ibadilishwe hata kama bado inang'aa bluu: mwanga unaoonekana si ule unaoua. Na kama bomba la kioo linaloizunguka limepata ukoko, taa mpya haitasaidia.

Ozoni ni kitu kingine. Inayeyuka ndani ya maji, inaingia nayo kwenye chupa, na kwa dakika chache inasafisha chupa na sehemu ya ndani ya kifuniko pia. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.4 kwa lita kwa dakika 4 kwenye tangi la kugusana, ili ibaki 0.2 hadi 0.4 wakati wa kujaza. Kwa joto la kwetu nusu yake inatoweka ndani ya dakika 20 hivi, na baada ya saa kadhaa hakuna kilichobaki. Ikipungua, vijidudu vinabaki. Ikizidi, ladha ya chuma na harufu ya umeme inabaki hadi dukani, mpira wa vali unapasuka, na bromati inapanda. Kiwanda kisichopima ozoni kila nusu saa kinaweka dozi kwa kubahatisha.

Chupa haiji kiwandani ikiwa chupa. Inakuja kama prifomu, kijibomba kinene cha plastiki ya PET chenye shingo tayari, gramu 30 hivi kwa chupa ya lita moja na nusu. Taa za joto huipasha hadi nyuzi 100 au 110, fimbo huivuta kwenda chini, na hewa ya bar 25 hadi 40 huipuliza hadi ishike umbo la kalibu. Kompresa inayotoa hewa hiyo ndiyo inayokula umeme kuliko pampu zote za maji. Ukijumlisha prifomu, kifuniko, lebo, umeme, ushuru na mafuta ya lori, maji yenyewe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote ndani ya katoni. Hata ukinunua kwa bei ya bomba, lita moja haifiki shilingi 5 za Tanzania, na chupa ya lita moja na nusu inauzwa takriban 1,000.

PET ikipashwa kupita kiasi wakati wa kutengeneza prifomu hutoa asetaldehaidi, ile ladha tamutamu kama tunda lililoiva sana. Ukikutana nayo kwenye chupa mpya iliyokaa kivulini, plastiki ndiyo yenye shida, maji hayana kosa. Chupa nyepesi kupita kiasi nazo hubonyea katoni zikipangwa juu ya katoni, shingo inapinda, kifuniko kinapumua, na hewa ya bohari inaingia.

Chumba cha kujazia ndiyo mahali ambapo maji mazuri huharibika. Kidudu kinachosumbua hapo ni Pseudomonas aeruginosa. Hahitaji chakula kingi, anaishi kwenye ute ndani ya mabomba na nozeli, na akishaingia kwenye chupa anaongezeka wiki nzima. Kipimo kinataka asionekane hata mmoja ndani ya mililita 250. Akionekana mara mbili mfululizo, kuongeza ozoni hakutamtoa. Fungua nozeli, toa mipira, osha mabomba kwa alkali ya moto kisha dawa, na tafuta kona ambayo maji husimama. Mara nyingi ni kipande cha bomba kilichozibwa baada ya mashine ya zamani kuondolewa, kikaachwa kikining'inia.

Baada ya geti la kiwanda

Tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kawaida miezi 12, inahusu chupa na kifuniko zaidi kuliko maji. PET inapitisha harufu. Katoni iliyopangwa karibu na sabuni ya unga, rangi au mafuta ya taa itanukia bidhaa hiyo baada ya wiki chache, na muuza duka atakilaumu kiwanda. Juani, plastiki hutoa antimoni kwa kasi zaidi, ile iliyotumika kuitengeneza. Kwa chupa ya siku chache juani kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na mwisho wa mikrogramu 20 kwa lita, lakini katoni inayokaa miezi juani mbele ya duka haipaswi kununuliwa.

Alama ya ubora itazamwe. Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula, maji ya chupa yakiwamo, ulihamishiwa TBS, shirika la viwango la nchi hiyo, mwaka 2019. Kenya, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango la huko, inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe wa SM#, ikifuatiwa na namba hiyo, kwenda 20023. Jibu linapaswa kutaja jina la bidhaa na kampuni iliyo mbele yako. Kama jina ni la mwingine, kibali kimeazimwa au kimeibwa.

Usidanganywe na wachuuzi wa mashine wanaochomeka nyaya za umeme kwenye glasi mbili, moja ikageuka tope la kahawia na nyingine ikabaki safi. Tope hilo ni kutu ya vyuma vyao wenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme, chuma kinayeyuka. Maji ya RO hayapitishi, hivyo hakuna kinachotokea. Tia chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi "safi" na itageuka kahawia vilevile. Kipimo cha mkononi cha TDS nacho kinapima chumvi tu. Maji yenye TDS ya 15 yanaweza kuwa yamejaa Pseudomonas, na yenye 300 yakawa salama kabisa.

Madumu ya lita 18.9 na ya lita 20 ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa yanarudi. Dumu likirejea kiwandani linapaswa kunuswa kwanza: lililowahi kuwekewa mafuta ya taa au dawa ya wadudu haliokoki, plastiki imekwisha kunyonya, litupwe. Yanayobaki yanasuuzwa, yanaoshwa kwa alkali kwenye nyuzi 60 hivi, yanasuuzwa tena kwa maji ya ozoni, yanajazwa mara moja na kufungwa kwa kifuniko kipya. Kwenye maduka ya kujaza maji mitaani hatua za katikati ndizo hurukwa. Mashine ya RO ni nzuri, maji ni mazuri, lakini yanamiminwa ndani ya dumu lililosuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji. Angalia chini ya dumu na kwenye mpini, brashi isipofika. Ukipangusa kwa kidole ukapata ute, rudisha.

Dispensa ya nyumbani inahitaji uangalizi kama dumu. Kila maji yanaposhuka, hewa ya chumbani inapanda ndani pamoja na kilichomo. Kila wiki nne hadi sita izime, iache tangi la maji moto lipoe, mwaga maji yote, kisha jaza mchanganyiko wa kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, kwa lita 10 za maji. Fungua bomba zote mbili hadi zitoe harufu ya klorini, acha dakika 10, mwaga, suuza mara tatu au hadi harufu iishe. Bomba za dispensa zifunguliwe na kusuguliwa kwa brashi ndogo, kwa sababu vidole vya watoto vinagusa hapo. Na dumu lisikae dirishani: jua likipita kwenye plastiki angavu, mwani wa kijani unaota ndani hata kwenye maji yaliyotoka RO asubuhi hiyo.